Safari ya Saa Mbili Kwenda Sungwe

Katika nchi ya Tulivuni kila kitu kilikuwa karibu, isipokuwa mahali mtu alipotaka kwenda. Maendeleo yalikuwa karibu sana. Yalifika mlangoni mwaka wa uhuru na mpaka leo yalikuwa bado yanavua viatu. Umeme ulikuwa karibu kuwaka na maji yalikuwa karibu kutoka. Lakini kutoka Makaoni, mji mkuu, hadi Sungwe, mji wa mwisho upande wa magharibi, lori lilitumia siku kumi na moja wakati wa kiangazi, na wakati wa masika halikutumia hata siku moja, kwa sababu halikwenda.

Aliyejua kwa hakika mji mmoja uko mbali kiasi gani na mwingine alikuwa mtu mmoja tu, mwanamke aitwaye Edina Kisoka. Yeye alikuwa Mpima Masafa Mkuu wa Idara ya Usafiri wa Anga, idara iliyokuwa na wafanyakazi themanini na, kwa miaka kumi na minne, haikuwa na ndege. Edina hakujali. Alikuwa na ramani kubwa kama shuka, bikari, rula ya chuma, na mhuri ambao bila huo hakuna umbali uliokubalika kisheria kuwa umbali.

Kazi hiyo alifundishwa na mkurugenzi wa idara, Mzee Gervas Mtandika. Ndiye aliyemtoa chumba cha kupiga chapa akiwa binti wa miaka ishirini, akamkalisha mbele ya ramani na kumshika mkono wenye bikari mpaka ukazoea kupima. Edina alifiwa na baba akiwa bado hajui kutamka neno baba sawasawa. Kwa hiyo posa yake ilipokelewa na Mzee Mtandika, na kanisani aliingia ameshika mkono wa Mzee Mtandika. Watoto wake wawili walimwita Babu, naye aliitika kama mtu aliyezaliwa kwa ajili hiyo.

Mama yake mzazi, Bi Agripina, aliishi hukohuko Sungwe. Walikuwa hawajaonana kwa miaka sita.

*

Hatimaye taifa likapata ndege. Ilikuwa moja, lakini ilipakwa rangi za bendera mpaka kwenye matairi, na Mtukufu Mlezi wa Taifa akaenda mwenyewe kuipokea. Hotuba iliandikwa na watu tisa. Takwimu alizitoa Edina: Makaoni hadi Sungwe, kilomita elfu mbili mia nane na themanini, muda angani, saa nne na dakika ishirini. Kwa bahati mbaya siku hiyo palikuwa na upepo. Karatasi ikageuka, na Mtukufu, ambaye hajawahi kukwama mbele ya kipaza sauti, akasema kilichomjia.

"Ndege hii itawafikisha Sungwe kwa saa mbili!"

Watu wakapiga makofi. Mtukufu akayapenda makofi yale. Akarudia mara ya pili, na ya tatu akaongeza na kachumbari: "Chai utaanza kuinywa Makaoni, utaimalizia Sungwe, na itakuwa haijapoa! Kwenda saa mbili, kurudi saa mbili!"

Edina, aliyesimama nyuma ya bendi ya polisi, akamgeukia Mzee Mtandika. "Mzee, amekosea."

"Nani?" Mzee aliuliza, mikono yake ikiendelea kupiga makofi.

"Mtukufu. Ni saa nne na..."

"Piga makofi kwanza, mwanangu. Tutazungumza."

Edina akapiga makofi. Alidhani kweli watazungumza.

*

Kesho yake ikaundwa Kamati ya Kuoanisha Umbali na Hotuba, chini ya Mheshimiwa Ligwa, Waziri wa Barabara na Mbingu. Mheshimiwa alikuwa mtu wa sauti nene, ambaye hata akiomba chumvi mezani ungedhani anafungua daraja.

Edina akaomba kusema wa kwanza, maana aliona njia nyepesi ya kumwokoa kila mtu. "Mheshimiwa, tuseme Mtukufu alimaanisha ndege itaondoka saa mbili. Saa mbili asubuhi. Hakuna atakayeaibika."

Waziri akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Wazo zuri sana. Katibu, andika: ndege itaondoka saa mbili na itatumia saa mbili. Tuendelee."

Profesa mmoja wa chuo kikuu akapendekeza saa za Sungwe zirudishwe nyuma kwa saa mbili na dakika ishirini, ili ndege ikitua ikute saa nne asubuhi inawasubiri. Wajumbe wakafurahi na chai ikaagizwa, mpaka Edina alipokumbusha kwamba safari ya kurudi ingeonekana kuchukua saa sita na dakika arobaini, na Mtukufu alikwisha kutaja kurudi. Profesa akakaa. Brigedia mmoja akauliza kama ndege haiwezi kuongezewa mwendo. Rubani, Kapteni Sudi Mbwera, kijana wa jeshi aliyesoma shule moja na Edina, akaeleza kwa heshima kwamba ikikimbizwa hivyo itapasuka.

"Itapasukia upande gani?" Brigedia akauliza, akiwa na kalamu mkononi.

Jioni ilipokaribia, rubani akiwa amekwisha kuruhusiwa kuondoka, katibu wa kamati, mtu mwembamba ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, ndiye aliyepata jibu. "Waheshimiwa, mwendo ni wa waliotengeneza ndege, hatuwezi kuugusa. Muda ni wa Mtukufu, hatuthubutu kuugusa. Kilichobaki ni umbali. Na umbali, waheshimiwa, ni wetu."

Kikao kizima kikashusha pumzi. Umbali ukapigiwa kura, ukashindwa. Kuanzia siku hiyo Sungwe ilikuwa kilomita elfu moja mia nne na arobaini kutoka Makaoni. Ile kompyuta ya ndani ya ndege, ambayo kila ilipowashwa ilisisitiza umbali wa zamani, ikafungwa kwa lakiri ya serikali kwa kosa la kumpinga Mtukufu. Kikabaki kitu kimoja: mhuri wa Edina.

"Siwezi, Mheshimiwa," Edina alisema. "Mafuta hupakiwa kwa kufuata umbali. Mkiukata umbali, mmeyakata mafuta."

"Basi hata matumizi tumeyabana!" Waziri akafurahi. "Katibu, andika na hilo."

Edina akauweka mhuri ndani ya mkoba wake, akasimama, akatoka.

*

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Mtandika akaja kwa Edina na mkungu wa ndizi begani, kama mkwe. Akacheza na watoto na kula wali. Watoto walipotoka nje, akatoa karatasi mfukoni na kuikunjua mezani taratibu, kana kwamba ingeweza kuamka.

"Mwanangu, wewe unaijua serikali yetu. Inapenda karatasi. Hii ni ya magazeti na ya kutundika ukutani. Mafuta yatapakiwa kwa karatasi yako ya zamani, ile ya kweli. Nitasimamia mimi mwenyewe, nimesimama chini ya bawa."

"Mzee, wewe ulinifundisha..."

"Nilikufundisha kupima. Kuishi sikuwahi kukufundisha, ndiyo maana leo nimekuja." Akaweka kiganja juu ya mkono wake. "Nakuapia kwa kaburi la Mama Anjela. Mafuta yatajaa mpaka mdomoni."

Mama Anjela alikuwa mkewe marehemu, aliyemfundisha Edina kupika maandazi. Edina aliutazama mkono ule wenye mabaka ya uzee. Kisha Mzee akatoa kitu kingine: tiketi mbili za safari ya kwanza, viti 4A na 4B.

"Tutakwenda wote. Nataka nikamsalimie mama yako, nimwambie amezaa."

Edina akaenda kuuleta mhuri. Kama ni kosa, basi ni kosa ambalo mtoto yeyote angelifanya.

*

Siku ya safari ndege ilijaa. Walikuwamo Waziri na wapambe wake watano, waandishi wa redio ya taifa, na wananchi wa kawaida waliopata nafasi kwa bahati nasibu: mama aliyebeba keki ya harusi ya mdogo wake, mzee mmoja fundi saa, wanafunzi wa uuguzi. Edina alikaa 4A, amevaa kitenge kipya, mapajani ameweka kopo la karanga za kumpelekea mama yake. Kiti cha 4B kilikuwa kitupu.

Mzee Mtandika akaonekana chini, karibu na bawa, kama alivyoahidi. Alikuwa anazungumza na wapakiaji mafuta. Edina akamwona akitazama saa yake, kisha akipunga mkono kuelekea madirishani bila kuchagua dirisha. Mlango ukafungwa.

"Mzee wetu amepandwa na presha," mhudumu akamwambia Edina. "Amesema utangulie, atakuja safari ijayo."

Edina alimhurumia. Alijilaumu hata kwa kutomkumbusha dawa. Saa mbili kamili ndege ikapaa.

Ilipopita saa moja na nusu angani, mhudumu akarudi, safari hii tabasamu limemkauka. "Wewe ndiye dada Edina? Kapteni anakuomba mara moja."

Kapteni Sudi hakugeuka alipoingia. "Edina, kwa karatasi hii nilitakiwa niwe nimeliona ziwa. Chini ninaona mbuga tu. Nimeita mnara wa Sungwe, yule bwana wa zamu anacheka. Ananiambia, 'Baba, bado uko mbali, sisi tunakutegemea saa sita na ushei.'"

"Anasema kweli," Edina alisema. "Ni kilomita elfu mbili mia nane na themanini. Lakini mafuta umejaziwa ya umbali huo."

Sasa Sudi akageuka. "Nimejaziwa ya elfu moja mia nne na arobaini, na nusu saa ya akiba." Akampa karatasi ya mafuta, ileile iliyokunjuliwa mezani Jumapili. Chini yake kulikuwa na sahihi ya msimamizi, G. Mtandika, na juu ya sahihi ile, safi kama siku ya ibada, mhuri wa Edina.

"Niliiona namba nikashtuka," Sudi alisema polepole. "Nikauona mhuri wako. Nikasema, amepima upya, Edina hakosei."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Alitamani amweleze habari za ndizi, na kaburi, na mkono juu ya mkono, lakini akaona kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linaloingia kwenye tangi.

"Mafuta ya saa moja," alisema. "Nipe kalamu."

Akapiga hesabu nyuma ya mfuko wa kutapikia. Ramani yote ilikuwa kichwani mwake. Kurudi Makaoni hawafiki, mbele Sungwe hawafiki. Kusini kidogo ya njia, mwendo wa nusu saa, palikuwa na mahali paitwapo Kololo, ambapo zamani ndege za kunyunyizia dawa ya nzige zilikuwa zikitua. Aliwahi kupapima kwenye karatasi, hakuwahi kupaona. Akampa Sudi mwelekeo, akasimama nyuma ya kiti chake ameshika mgongo wa kiti mpaka vidole vikafa ganzi. Wakauona uwanja: mstari wa udongo mwekundu, mbuzi katikati. Sudi akapita chini sana juu ya uwanja, mbuzi wakatawanyika. Mara ya pili akatua. Matairi mawili yakapasuka, keki ya harusi ikapaa hadi safu ya tisa, na watu wote wakatoka wazima.

*

Vumbi lilipotua, Mheshimiwa Ligwa akatazama saa yake. Ilikuwa saa nne na dakika tatu. Akashuka ngazi, akasafisha koo, na kutoa mfukoni hotuba aliyokuja nayo.

"Wananchi wa Sungwe!"

Wachungaji watatu waliokuwa wakikusanya mbuzi wao wakatazama nyuma kuona anayesemeshwa ni nani.

"Mheshimiwa," Edina akamwambia, "hapa si Sungwe. Sungwe iko kilomita elfu moja na mia nne na zaidi kutoka hapa."

Waziri alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Dada, mhuri ni wa nani?"

"Wangu," Edina alisema.

"Wewe mwenyewe umeliambia taifa kwamba Sungwe iko saa mbili. Tumekwenda saa mbili. Tumefika." Akawageukia waandishi wa redio. "Washeni."

Mchana huo nchi nzima ilitangaziwa kwamba safari ya kwanza ya taifa imetua Sungwe salama, kwa wakati, na wananchi wameipokea kwa shangwe na mifugo.

Edina akamwomba Sudi amwitie Makaoni kwa redio ya ndege. Mzee Mtandika hakuwa na presha. Alikuwa mnarani, sauti yake imetulia.

"Mzee, ulijua," Edina alisema.

Mikwaruzo ya redio ikajaa kati yao. "Nilijua utaweza, mwanangu."

"Uliapa."

"Nisikilize. Ningekataa, wangemweka mwingine hapa nilipo, na angewaua wote. Mimi nilifanya nini? Nikakuweka wewe ndani. Nikajua, Edina akiwemo, hata wakiishiwa mafuta hawatakufa. Mtu hampi mwingine imani kubwa kuliko hiyo."

Maneno yalikuwa mazuri kiasi kwamba kwa muda mfupi Edina aliyashika, kama mtu anayezama anavyoshika chochote. Watu sitini walikuwa hai. Pengine ni kweli. Pengine huo nao ulikuwa upendo, wa aina inayotumika Tulivuni.

"Na kiti cha 4B?" aliuliza.

Mzee Mtandika akasema hamsikii vizuri, na redio ikakatika.

Siku ya pili ikaja helikopta ya jeshi kumchukua Waziri, wapambe na redio. Sudi naye aliamriwa apande, akavishwe nishani. Alisimama mbele ya Edina akizungusha kofia mikononi.

"Utawaambia?" Edina alimuuliza.

"Nina watoto, Edina."

"Na mimi ninao."

Sudi akavaa kofia, akapanda. Wananchi walipouliza wao watasafirishwaje, mpambe mmoja akawajibu kutoka mlangoni kwamba serikali haina utaratibu wa kumsafirisha mtu kwenda mahali alipo.

*

Lori la chumvi likawapitia siku hiyohiyo alasiri. Dereva, mtu wa maneno machache, alikuwa anakwenda Sungwe, ile ambayo haikuwa imeamriwa. Wakapanda juu ya magunia. Kila lori lilipokwama, walishuka wakasukuma. Fundi saa aliwaimbia na wanafunzi wa uuguzi walitibu malengelenge. Mama mwenye keki akagawa kilichobaki, maana harusi yenyewe ilikuwa imepita. Kila jioni mtu alimuuliza Edina bado kiasi gani, na Edina akawaambia ukweli wa kilomita, hata ulipokuwa mchungu. Hakuna aliyemlaumu kwa mhuri. Hilo nalo lilimwia zito.

Siku ya sita, asubuhi, wakaingia Sungwe. Mji ulikuwa umenyamaza. Edina alipokaribia kwa mama yake, akaona turubai limefungwa uani, masufuria makubwa ya kuazima, wanaume wamekaa kwenye mabenchi bila kuongea. Akakimbia, kitenge kimejaa chumvi, akimwita mama yake kwa sauti ya mtoto.

Bi Agripina alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake, amefunga kaniki kiunoni. Akainua uso. Akamtazama Edina kwa muda mrefu, kisha akampapasa mashavu, mabega, vidole, kimoja kimoja.

"Nani amekufa, mama?"

"Wewe," mama yake alisema. "Leo ndiyo tunaanua matanga."

Vilio vikapanda, vikageuka vigelegele, vikarudi tena vilio, maana watu hawakuwa wamejiandaa na jambo la namna hii. Wakamkalisha na kumpa uji.

"Lakini redio ilisema tumefika salama," Edina alisema.

"Ndiyo," jirani mmoja akajibu. "Hapo ndipo tulipopata uhakika. Tulikuwa uwanjani, tunatazama juu, mbingu tupu, na redio inasema ndege iko mbele yetu na tunaishangilia. Tukasema, basi, wamekwisha hao."

"Kabla ya redio tulikuwa hatuamini," mama yake akaongeza. "Telegramu ilipokuja asubuhi ile, nilimfukuza mtu wa posta. Nikasema ameleta nyumba siyo."

"Telegramu gani?"

Bi Agripina akafungua pindo la kaniki yake. "Ya yule mzee wako wa kazini. Mtu mwema jamani. Katika serikali nzima ni yeye peke yake aliyetukumbuka."

Edina akaikunjua. Ilikuwa fupi, yenye adabu. *Pokea rambirambi zangu mama kwa msiba wa binti yetu Edina. Nchi imepoteza mpimaji. Mimi nimepoteza mwana. G. Mtandika.* Pembeni kulikuwa na mhuri wa posta ya Makaoni, na ndani ya mhuri, tarehe na saa.

Saa mbili na robo asubuhi.

Hesabu hiyo haikuhitaji bikari. Saa mbili na robo ndege ilikuwa bado inapanda mawinguni, mhudumu anagawa peremende, na yeye Edina, kwenye kiti cha 4A, alikuwa akimwonea huruma mzee kwa presha yake.

Akaikunja karatasi. Wanawake walikuwa wameanza kukusanya vyombo na kulegeza kamba za turubai, wakicheka huku wakifuta machozi.

"Acheni kwanza," Edina alisema. "Msianue."

Mama yake akamtazama. "Tusianue tena, mwanangu? Si umerudi?"

Edina akavua viatu, akakaa mkekani kando yake. "Nimefiwa, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Makaoni, akalia. Wanawake hawakuuliza ni nani. Wakaziacha kamba na kumsogelea, mmoja akamshika kichwa, wakalia naye.